Jiografia na Maisha ya Wagiriki wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watoto

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watoto wa shule, pamoja na wazazi na walimu wanaowasaidia kusoma. Wagiriki wanaozungumziwa hapa ni hasa wale walioishi kati ya mwaka 800 na mwaka 300 kabla ya Kristo. Herufi KK zinazofuata mwaka zina maana ya «kabla ya Kristo», na miaka hiyo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, hivyo mwaka 490 KK ulitangulia mwaka 480 KK.

Ugiriki ya kale ilikuwa wapi, na nchi yake ilikuwaje?

Ilikuwa kusini-mashariki mwa Ulaya, pale ambapo nchi kavu inaingia ndani ya Bahari ya Mediteranea na kugawanyika katika rasi, ghuba na visiwa vingi. Upande wa mashariki ipo Bahari ya Aegean, na ng'ambo yake ni nchi inayoitwa leo Uturuki, ambako Wagiriki pia walikuwa na miji mikubwa kama Mileto na Efeso. Upande wa magharibi ipo Bahari ya Ionia, na kusini kabisa kimelala kisiwa kirefu cha Krete. Sehemu ya kusini ya Ugiriki, inayoitwa Peloponnese, ingekuwa kisiwa kama isingeunganishwa na bara kwa shingo nyembamba ya nchi karibu na mji wa Korintho, yenye upana wa kilomita 6 hivi.

Ukiangalia ramani inayoonyesha milima kwa rangi ya kahawia, utaona kwamba kahawia imetapakaa karibu kila mahali. Safu ya milima ya Pindus inashuka kutoka kaskazini kuelekea kusini, na kilele kirefu kuliko vyote ni Olympus, chenye mita 2,917, ambacho Wagiriki waliamini kuwa ni makao ya miungu yao. Ardhi tambarare inayofaa kwa kilimo ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa imegawanyika katika mabonde yaliyozungukwa na milima.

Kwa nini Wagiriki hawakuwa na nchi moja yenye mfalme mmoja?

Hebu tuilinganishe kwanza Ugiriki na Misri. Huko Misri, Mto Nile ulipita katikati ya nchi, watu karibu wote waliishi kandokando yake, na watumishi wa mfalme waliweza kupanda chombo na kufika katika kila kijiji kukusanya kodi na kutangaza amri. Ugiriki haikuwa na mto wa namna hiyo. Mito yake mingi ni mifupi, hujaa maji kwa ghafla wakati wa mvua na kukauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo haikuweza kuwa njia ya kusafiria. Mtu aliyetaka kutoka bonde moja kwenda jingine alilazimika kupanda mlima kwa miguu au kwa punda, akipita vijia vya mawe ambavyo wakati wa baridi vingeweza kufunikwa na theluji.

Kwa sababu hiyo kila bonde, na mara nyingi kila kisiwa, lilijitawala lenyewe. Mji mmoja pamoja na mashamba na vijiji vilivyouzunguka ulikuwa dola kamili, na ndiyo maana wanahistoria huziita dola za miji. Zilikuwepo zaidi ya 1,000, nyingine zikiwa na raia mia chache tu. Kila moja ilikuwa na sheria zake, kalenda yake, sikukuu zake na, katika miji mingi, sarafu zake. Sarafu ya Athens ilikuwa na picha ya bundi, ile ya kisiwa cha Aegina ilikuwa na kasa, na ile ya Korintho ilikuwa na farasi mwenye mabawa.

Umbali uliotenganisha miji hiyo unaonekana vizuri katika kisa cha mwaka 490 KK, wakati Waajemi, watu wa dola kubwa iliyotawaliwa kutoka nchi inayoitwa leo Iran, walipokuja kuishambulia Athens. Waathene walimtuma mkimbiaji aitwaye Pheidippides aende Sparta kuomba msaada. Njia ya kupita milimani ilikuwa na urefu wa kilomita 240 hivi, na mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba mkimbiaji huyo alifika siku iliyofuata baada ya kuondoka. Kwa mtu anayekimbia kwa miguu yake, mwendo huo ni wa kustaajabisha, na unatuonyesha pia kwamba habari ya dharura kuliko zote haikuweza kufika Sparta siku ile ile ilipotumwa.

Kama waliishi wametengana hivyo, kitu gani kiliwafanya wajione kuwa watu wa jamii moja?

Walizungumza lugha moja, ingawa kwa lahaja tofauti, na waliabudu miungu ile ile. Kila baada ya miaka minne walikutana Olympia kwa michezo ambayo, kwa mapokeo yao, ilianza mwaka 776 KK. Kabla ya michezo hiyo wajumbe walizunguka mijini kutangaza kipindi cha amani, ili wanamichezo na watazamaji wapite njiani bila kudhuriwa. Walikutana pia Delphi, kwenye mteremko wa mlima Parnassus, ambako watu kutoka miji yote walikwenda kumuuliza mungu Apollo ushauri kabla ya kuamua mambo makubwa.

Watu walikula nini katika nchi yenye mawe mengi hivyo?

Chakula chao kilifuata hali ya hewa. Majira ya joto nchini Ugiriki ni makavu na yenye jua kali, na mvua hunyesha hasa wakati wa baridi. Upande wa magharibi wa milima ya Pindus hupata mvua nyingi, lakini Athens, iliyo upande wa mashariki, hupata milimita 400 hivi tu kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima alipanda nafaka wakati wa vuli, mvua za kwanza zilipoanza, akavuna mwezi wa Mei au Juni kabla ya jua kuchoma kila kitu. Ngano inahitaji udongo mzuri na maji ya kutosha, na ndiyo sababu wakulima wa eneo la Athens walilima shayiri zaidi, kwa kuwa shayiri huvumilia ukame. Unga wa shayiri ulikandwa na kuliwa kama mikate bapa au uji.

Mlo wa kawaida ulikuwa mkate au uji huo pamoja na zeituni, vitunguu, dengu, maharage, tini, jibini ya maziwa ya mbuzi au kondoo, na samaki kwa wale waliokaa karibu na pwani. Nyama ilikuwa adimu, na watu wengi waliila hasa siku za sikukuu, baada ya mnyama kutolewa sadaka kwa miungu. Ng'ombe wanahitaji malisho mengi ya majani mabichi, na malisho hayo yalikuwa machache, ilhali mbuzi na kondoo waliweza kupanda miteremko na kula vichaka. Sukari haikuwepo, hivyo kitu kitamu kilikuwa asali, na asali ya mlima Hymettus karibu na Athens ilisifiwa kila mahali kwa sababu nyuki wake walikula maua ya mimea yenye harufu nzuri.

Kwa nini mzeituni ulithaminiwa kuliko miti mingine yote?

Kwa sababu unakua mahali ambapo mimea mingine inashindwa. Mizizi yake hujipenyeza katikati ya mawe kutafuta maji, majani yake madogo na magumu hayapotezi unyevu mwingi, na mti wenyewe unaweza kuishi kwa mamia ya miaka. Unachukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo aliyeupanda alikuwa anawafikiria pia watoto na wajukuu wake. Adui aliyekata mizeituni ya mji alikuwa ameujeruhi mji huo kwa muda mrefu.

Mafuta ya zeituni yalitumika kupikia, kuwasha taa, kujipaka mwilini na kujisafisha baada ya mazoezi, maana Wagiriki walijipaka mafuta kisha wakayakwangua pamoja na vumbi kwa kifaa cha chuma kilichopinda. Washindi wa michezo ya Panathenaia huko Athens walipewa mitungi mikubwa iliyojaa mafuta hayo. Solon, mtunga sheria wa Athens aliyeongoza mwaka 594 KK, alikataza mazao ya shamba yasiuzwe nje ya nchi isipokuwa mafuta ya zeituni. Sheria hiyo inaonyesha wazi hali ya nchi: nafaka haikuwatosha wenyewe, lakini mafuta walikuwa nayo ya kuuza.

Basi Athens ilipata wapi nafaka ya kutosha?

Iliinunua ng'ambo. Meli za mizigo zilileta ngano kutoka Misri, kutoka Sisilia, na zaidi ya yote kutoka nchi zilizo kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambako udongo ni mzito na mweusi na mashamba hayana mwisho. Ili kufika Athens, meli kutoka Bahari Nyeusi zililazimika kupita katika milango miwili myembamba ya bahari, Bosporus na kisha Hellespont, ambayo leo inaitwa Dardanelles. Yeyote aliyeushika mlango mmojawapo aliushika pia mkate wa Athens.

Jambo hilo lilitokea kweli. Athens na Sparta zilipigana vita virefu vilivyoanza mwaka 431 KK, na kwa miaka mingi Sparta haikuweza kuuteka mji wa Athens. Lakini mwaka 405 KK kamanda wa Sparta aitwaye Lysander aliziteka karibu meli zote za kivita za Athens mahali paitwapo Aegospotami, ndani ya Hellespont. Meli za ngano hazikuweza tena kupita, njaa ikaingia mjini, na mwaka uliofuata Athens ikasalimu amri. Katika historia nzima ya Ugiriki, hakuna kisa kinachoonyesha nguvu ya jiografia kwa uwazi kuliko hiki, na mtoto anayetaka kukumbuka kisa kimoja tu katika ukurasa huu na akikumbuke hicho.

Wagiriki walijifunzaje kuwa mabaharia hodari?

Bahari ya Aegean ni mwalimu mzuri, kwa sababu visiwa vyake viko karibu karibu. Siku ya hewa safi, baharia akiacha kisiwa kimoja mara nyingi anakiona kingine mbele yake. Waliweza kusafiri mchana, wakalala ufukweni usiku, wakaendelea asubuhi. Kusafirisha mizigo mizito kwa meli kulikuwa rahisi kuliko kuipandisha milimani kwa punda, hivyo hata miji ambayo ingeweza kufikiana kwa nchi kavu ilipendelea njia ya maji.

Hata hivyo bahari hiyo ina hasira zake. Wakati wa kiangazi upepo mkavu huvuma kutoka kaskazini kwa wiki nyingi, ukizisaidia meli zinazokwenda kusini kuelekea Misri na kuzichosha zile zinazopanda kaskazini. Wakati wa baridi dhoruba huja ghafla na mawingu huzificha nyota, kwa hiyo mabaharia wengi walipandisha meli zao nchi kavu na kungoja majira ya kuchipua. Kuzunguka rasi za kusini mwa Peloponnese kulikuwa na hatari ya pekee. Watu wa Korintho walilipatia jambo hilo ufumbuzi wa akili sana: karibu mwaka 600 KK walijenga barabara ya mawe yenye mifereji ya magurudumu, iliyoitwa Diolkos, ikikata ile shingo ya nchi, na juu yake mizigo na meli ziliweza kuvutwa kutoka bahari moja hadi nyingine. Mfereji wa kweli wa meli mahali hapo ulifunguliwa mwaka 1893.

Kwa nini Wagiriki wengi walihama na kwenda kuishi mbali?

Watoto walipokuwa wengi, shamba la baba halikuweza kugawanywa bila kikomo. Ndugu wanne wakigawana shamba dogo la mawe, hakuna hata mmoja wao atakayeshiba. Kuanzia karibu mwaka 750 KK miji mingi ilianza kutuma vikundi vya watu kwenda kuanzisha miji mipya ng'ambo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, kilichukua moto kutoka katika mji wa nyumbani ili kuuwasha katika mji mpya, na kwa kawaida kilitafuta mahali panapofanana na nyumbani: bandari nzuri, kilima cha kujilinda, na ardhi inayokubali mizeituni na mizabibu.

Kisa cha kisiwa cha Thera, kinachoitwa leo Santorini, kimehifadhiwa na Herodotus. Anasema mvua haikunyesha huko kwa miaka saba. Watu wakachagua kwa kura vijana watakaoondoka, na hatimaye vijana hao wakaanzisha mji wa Cyrene katika nchi ya Libya, karibu mwaka 631 KK. Watu wa Korintho walianzisha Syracuse katika kisiwa cha Sisilia, wengine wakaanzisha Massalia karibu mwaka 600 KK, ambao leo ni mji wa Marseille nchini Ufaransa, na wengine wakaanzisha Byzantion kwenye mlango wa Bosporus, ambao leo ni Istanbul. Katika nyingi ya sehemu hizo walikuwapo wenyeji tayari. Baadhi yao waliwapokea wageni kwa amani na kufanya nao biashara, na wengine walipigana nao au walinyang'anywa ardhi yao. Mwanafalsafa Plato aliandika kwamba Wagiriki wanaishi kuizunguka bahari kama sisimizi au vyura kuzunguka bwawa, na ukiitazama ramani ya miji yao utaona kwamba alisema kweli.

Maji ya kunywa walipata wapi?

Kutoka chemchemi, visima, na matangi yaliyochongwa ndani ya mwamba ili kuhifadhi maji ya mvua. Katika miji mikubwa palikuwa na majengo ya chemchemi, na michoro kwenye vyungu inaonyesha wanawake wakijaza mitungi huko na kuibeba kichwani. Kazi ya ajabu kuliko zote ilifanyika kisiwani Samos katika karne ya 6 KK, ambapo mhandisi Eupalinos aliongoza uchimbaji wa njia ya chini ya mlima yenye urefu wa mita 1,036 ili maji yafike mjini. Vikundi viwili vya wachimbaji vilianza kutoka pande mbili tofauti za mlima na vikakutana ndani, bila mashine yoyote, kwa kutegemea vipimo na hesabu. Njia hiyo ipo hadi leo.

Athens na Sparta zote zilikuwa Ugiriki. Kwa nini maisha yao yalitofautiana sana?

Ardhi ya Athens, inayoitwa Attica, ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,500 hivi, na udongo wake ni mwembamba. Lakini pale Piraeus, umbali wa kilomita chache kutoka mjini, kuna bandari tatu za asili. Pale Laurion, kusini mwa Attica, chini ya ardhi kulikuwa na madini ya fedha. Mwaka 483 KK walipata fedha nyingi sana huko, na kiongozi wao Themistocles akawashawishi raia wasigawane fedha hizo mifukoni, bali wajenge meli za kivita. Kila meli ilihitaji wapiga makasia 170, na wengi wao walikuwa raia maskini wasio na shamba. Watu hao walipokuwa ndio nguvu ya mji, sauti yao katika baraza ilizidi kusikika, na demokrasia ya Athens ikaimarika. Haifai kusahau kwamba madini yenyewe yalichimbwa na watumwa, katika mashimo membamba na yenye giza, na kwamba watumwa na wanawake hawakupiga kura.

Sparta ilikuwa katika bonde la mto Eurotas, lenye rutuba na lililofungwa na milima pande mbili, mbali na bahari kwa kilomita 40 hivi. Ilipohitaji ardhi zaidi haikutuma watu wengi ng'ambo kama miji mingine ilivyofanya. Ilivuka mlima Taygetus na kuiteka nchi jirani ya Messenia, yenye mashamba mazuri kuliko karibu sehemu zote za Ugiriki. Wenyeji wa huko walilazimishwa kulima na kuwapa Wasparta sehemu ya mavuno. Walimaji hao, walioitwa heloti, walikuwa wengi kuliko mabwana zao, na Wasparta waliishi kwa hofu ya maasi. Ndiyo sababu mvulana wa Sparta alichukuliwa kwa wazazi wake akiwa na umri wa miaka 7 akaanze mafunzo ya kijeshi. Mji wao haukuwa na ukuta kwa karne nyingi, kwa kuwa waliitegemea milima na askari wao. Athens kwa upande wake ilijenga kuta ndefu za kilomita 6 hivi kuuunganisha mji na bandari, ili hata adui akiteka mashamba, chakula kiendelee kuingia kwa meli.

Je, milima na bahari viliwasaidia vitani?

Viliwasaidia sana dhidi ya Waajemi, waliokuwa na jeshi kubwa kupita kiasi. Mwaka 492 KK dhoruba karibu na mlima Athos iliharibu meli nyingi za Waajemi, na mfalme wao Xerxes alipojiandaa kuja baadaye aliamuru mfereji uchimbwe nyuma ya mlima huo ili meli zake zisiuzunguke. Mwaka 480 KK jeshi lake lilizuiwa Thermopylae, njia nyembamba kati ya mlima na bahari, ambako wingi wa askari haukusaidia kitu. Mfalme Leonidas wa Sparta alikuwa na Wasparta 300 na maelfu ya Wagiriki kutoka miji mingine, ambao mara nyingi husahauliwa. Walishikilia njia hiyo mpaka mtu mmoja alipowaonyesha Waajemi kijia cha kupita mlimani. Mtoto anayekwenda Thermopylae leo atashangaa kukuta uwanda mpana, kwa maana mto Spercheios umeleta mchanga na tope kwa karne nyingi na ufuko umesogea mbali kwa kilomita kadhaa.

Mwaka ule ule, katika mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Salamis na pwani ya Attica, meli nyingi za Waajemi zilisongamana zikashindwa kugeuka, na meli za Wagiriki zikazishinda.

Nchi iliathiri vipi nyumba, vyombo na majengo yao?

Miti mikubwa ilikuwa michache katika Attica, na mbao za kujengea meli ziliagizwa hasa kutoka Makedonia. Nyumba za kawaida zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi juu ya msingi wa mawe, zikiwa na ua wa wazi katikati, na inapowezekana vyumba vikubwa vilielekezwa kusini ili jua la chini la majira ya baridi liingie ndani. Mawe mazuri hayakupungua: hekalu la Parthenon, lililojengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, limejengwa kwa marumaru ya mlima Pentelicus ulio karibu na Athens. Miteremko ya vilima iligeuzwa kuwa viti vya kumbi za maigizo zisizo na paa, na ukumbi wa Epidaurus, wa karne ya 4 KK, uliweza kupokea zaidi ya watu 12,000.

Udongo wa Attica una chuma ndani yake, kwa hiyo chungu kikichomwa hugeuka rangi nyekundu nzuri. Wafinyanzi waligundua kwamba wakipaka sehemu fulani kwa tope laini la udongo huo huo, kisha wakifunga na kufungua matundu ya hewa ya tanuri kwa wakati unaofaa, sehemu iliyopakwa hubaki nyeusi inayong'aa. Picha nyingi tunazoziona za maisha yao zimetokana na ufundi huo.

Watoto wa wakati huo walichezea nini?

Walichezea vilivyopatikana karibu nao. Vifupa vya vifundo vya miguu ya mbuzi na kondoo vilirushwa na kudakwa, na wasichana walikuwa na wanasesere wa udongo wa kuchoma, wengine wakiwa na mikono na miguu inayosogea. Kwa kuwa kondoo walikuwa wengi, wasichana walijifunza mapema kusokota sufu na kufuma nguo za nyumba nzima.

Kwa nini Wagiriki walimwogopa mungu wa bahari pia kwa ajili ya matetemeko?

Waliamini kwamba Poseidon ndiye aliyetawala bahari na ndiye aliyeitikisa ardhi. Wanasayansi wa leo wanaeleza kwamba bamba la miamba lililobeba bara la Afrika linajisukuma polepole sana chini ya eneo la Bahari ya Aegean, na msuguano huo huleta matetemeko na volkano. Volkano ya Thera ililipuka karibu mwaka 1600 KK na kuacha kisiwa hicho kikiwa na umbo la mwezi mwandamo. Tetemeko la mwaka 464 KK liliibomoa Sparta, na heloti wakaitumia nafasi hiyo kuasi. Mwaka 373 KK mji wa Helike, uliokuwa kandokando ya ghuba ya Korintho, ulizama kwa usiku mmoja.

Je, jiografia iliamua kila kitu?

Hapana. Uwanda wa Boeotia haukuwa na milima mirefu ya kuugawanya, lakini ulikuwa na miji kadhaa iliyojitawala, na Thebes ilipambana nayo kwa muda mrefu ikitaka kuiongoza. Kisiwa kimoja cha Lesbos kilikuwa na dola tano za miji. Watu hao wangeweza kuungana kama wangetaka, kwa hiyo desturi na fahari ya kila mji vilihesabika pia. Vivyo hivyo, fedha ya Laurion isingekuwa meli kama raia wasingekubali shauri la Themistocles.

Je, Wagiriki waliijua pwani ya Afrika Mashariki?

Waliijua baadaye, wakati Misri ilipokuwa chini ya Roma na watu wengi huko walikuwa bado wanazungumza Kigiriki. Katika karne ya 1 baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja, ambaye hakutaja jina lake, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za baharini. Anaieleza pwani anayoiita Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambako pembe za ndovu na magamba ya kasa vilinunuliwa. Anataja mashua zilizoshonwa kwa kamba, mfano wa mitepe ya Waswahili, na manahodha Waarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Wataalamu wa mambo ya kale wanaitafuta Rhapta katika pwani ya Tanzania. Safari za namna hiyo zilitegemea pepo zinazobadilika kwa majira, zile ambazo watu wa pwani wanaziita kaskazi na kusi.

Ninaweza kuanza wapi kujifunza kwa kutumia ramani?

Tafuta ramani inayoonyesha milima, maana ramani yenye mipaka ya nchi peke yake haitakusaidia. Weka kidole juu ya Athens, kisha kipeleke Sparta kwa nchi kavu na uhesabu ni mara ngapi unakutana na milima. Rudi Athens, sasa ufuate njia ya meli za ngano: kaskazini-mashariki kupitia visiwa, ndani ya Hellespont, kupitia bahari ndogo ya Marmara, ndani ya Bosporus, hadi Bahari Nyeusi. Pima umbali kwa uzi na kipimo cha ramani. Halafu tafuta Cyrene, Syracuse na Marseille, na kwa kila mji jiulize bandari iko wapi, maji yanatoka wapi na mashamba yako upande gani. Mwalimu akikuuliza kwa nini mji ulijengwa mahali fulani, majibu ya maswali hayo matatu ndiyo ya kuanza nayo.